Mume Mmoja Mezani, Saba Masikioni



Je, mtu aliyefunga ndoa takatifu aweza kufurahia hadithi ya mwanamke aliyeolewa mara saba, tena akaifurahia hadi usiku wa manane, bila dhamiri yake kuingia doa? Huenda ukacheka. Lakini mama mmoja aliuliza swali hili katika semina ya wanandoa, mumewe akiwa ameketi kando yake, na hakuna aliyecheka, kwa sababu ilionekana wazi kuwa jambo hilo lilikuwa limeleta maneno nyumbani.

Kitabu chenyewe kinaitwa The Seven Husbands of Evelyn Hugo. Mtungaji wake ni Taylor Jenkins Reid, mwanamke wa Marekani, na kilitoka mwaka 2017. Mama huyo hakukisoma, alikisikiliza. Siku hizi vitabu vingi husomwa kwa sauti na waigizaji, vikarekodiwa, nawe waweza kuvisikiliza kwenye simu ukiwa unapiga pasi, unachambua maharagwe au umeketi ndani ya matatu. Kusikiliza hiki chote huchukua muda wa saa 12 hivi. Mumewe alipofahamu hadithi ile inahusu nini, alimwambia: “Mama Watoto, kumbe una mume mmoja mezani na saba masikioni.” Akamtaka aifute kwenye simu, kisha aende kuungama.

Nimekisikiliza kitabu hicho mwanzo hadi mwisho kabla ya kuandika ukurasa huu, maana si haki kuhukumu kitabu kwa jina lake. Nikuambie kwanza kimebeba nini.

Evelyn Hugo ni mtu wa kubuniwa tu. Katika hadithi ana umri wa miaka 79, ni tajiri, anaishi New York, na kwa miaka mingi amekataa kuzungumza na waandishi wa habari. Ghafla anamwita mwandishi asiye na jina kubwa, Monique Grant, ambaye mwenyewe ametengana na mumewe, ili amsimulie maisha yake yote. Alizaliwa maskini, mtoto wa wazazi waliotoka Cuba, na mama yake akafariki yeye angali mdogo. Akiwa bado msichana aliolewa na kijana aliyekuwa akielekea Hollywood, kwa sababu moja tu: naye alitaka kufika Hollywood. Huko akabadilishwa jina, na nywele zikatiwa rangi ya dhahabu. Mume wa pili, mwigizaji mwenye sifa, alimpiga. Ndoa ya tatu, na mwimbaji, ilifungwa haraka haraka Las Vegas na kuvunjwa upesi. Mwingine aliolewa naye ili magazeti yapate la kuandika na filamu yao iuzwe. Mwingine alikuwa rafiki wa kweli, Harry, naye akamzalia binti. Mwingine alimpenda nyota wa kwenye skrini, na alipompata mwanamke mwenyewe hakujua afanye naye nini.

Na mapenzi yake makubwa hayakuwa kwa yeyote kati ya wale saba, bali kwa mwigizaji mwenzake, mwanamke aitwaye Celia St. James. Ndoa kadhaa zilikuwa pazia la kuficha hilo. Mafundisho ya Kanisa kuhusu jambo hili unayajua, na Katekisimu hiyo hiyo inayoyaeleza inatuamuru pia kuwapokea watu wa namna hiyo kwa heshima na huruma. Siri ya mwisho ya kitabu sitaitoa, maana huenda nawe ukakisikiliza.

Sasa turudi kwa yule baba. Hoja yake ni kwamba anayefurahia hadithi ya dhambi amekwisha kuikubali dhambi. Wengi hufikiri hivyo, hata baadhi yetu tunaofundisha dini. Lakini katika mafunzo ya makatekista tulielezwa tofauti aliyoiona Mtakatifu Tomaso wa Akwino katika karne ya 13. Alisema mtu anapofikiria tendo baya, furaha yake yaweza kutoka mahali pawili. Aweza kufurahia kule kufikiri, yaani kuelewa jambo, kulichunguza, kulijua. Au aweza kulifurahia tendo lenyewe, moyo wake ukaliegemea na kulitamani. Ya pili ndiyo yenye hatari, na ndiyo Bwana wetu aliyoizungumzia aliposema juu ya anayemtazama mwanamke kwa kumtamani. Ya kwanza yaweza kuwa kazi ya hakimu, daktari, padre katika kiti cha kitubio, na pia msikilizaji wa hadithi.

Kama si hivyo, tungelazimika kuifunga Biblia. Mfalme Daudi na Bathsheba wamo humo, na yule mke wa Potifa, na binti za Lutu. Tunasoma habari zao bila kuwaficha watoto wa Kipaimara.

Kumbuka pia kwamba Kanisa lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa kwa muda wa miaka 400 na zaidi, na orodha hiyo iliondolewa nguvu ya sheria mwaka 1966, wakati wa Papa Paulo wa Sita. Haikuondolewa kwa sababu vitabu vibaya vilikuwa vimekwisha duniani. Kazi ya kupima iliachiwa dhamiri ya Mkristo mwenyewe, na dhamiri hiyo haina budi kulishwa. Kwa hiyo baba hawezi kuwa orodha mpya nyumbani mwake, akifuta hiki na kuacha kile kwenye simu ya mkewe kama mwalimu wa zamu anayepekua masanduku ya bweni. Mkewe ni mtu mzima aliyebatizwa.

Hata hivyo, mama naye ajipime bila kujidanganya. Kitabu hiki kina sehemu za chumbani ambazo hazifai kusikilizwa sebuleni watoto wakifanya kazi ya shule. Kama kuna sehemu anazozirudia mara tatu, anajua mwenyewe kwa nini anazirudia. Na kuna kipimo kingine kigumu zaidi. Evelyn ni mwongo stadi, na mtungaji ametengeneza hadithi kwa ufundi hata unajikuta unatamani uongo wake ufaulu. Mimi mwenyewe nilitamani. Kutamani hivyo kwa muda wa hadithi si kosa. Ni kama vile tunavyotamani Sungura amshinde Fisi, ingawa Sungura ni tapeli. Kosa ni pale hadithi imekwisha, nawe unaanza kupanga ni kwa namna gani mumeo asijue fedha za chama zimekwenda wapi.

Basi, je, mama hana neno la kuungama? Kwa upande wa kusikiliza hadithi, mimi sioni. Lakini nilipokuwa namsikiliza akieleza, nilisikia jambo jingine ambalo lilinisumbua kuliko waume saba. Alisema: “Ile sauti huniambia mambo. Nyumbani hakuna anayeniambia kitu.”

Hapo ndipo penye jambo.

Sehemu ya Evelyn katika kitabu kile imesomwa na mwigizaji Alma Cuervo, naye huisoma kama mama mtu mzima anayeongea nawe mkiwa wawili tu, taa zimepunguzwa. Anakiri, anajitetea, anacheka, ananyamaza. Anakuambia alichomficha kila mtu. Ukiweka vile vidude masikioni, hakuna mwingine anayesikia. Kwa saa 12 mtu mmoja anakufungulia moyo wake, nawe hutakiwi kujibu, kupika chai, wala kusamehe.

Mtakatifu Agostino aliliona jambo hili zamani sana. Katika Maungamo yake, aliyoyaandika karibu mwaka 400, anasimulia jinsi alivyokuwa kijana akimlilia Dido, malkia wa hadithi aliyejiua kwa sababu ya mapenzi, huku hailii roho yake mwenyewe iliyokuwa inakufa mbali na Mungu. Na juu ya michezo ya kuigiza ya Carthage, mji wa Afrika ya Kaskazini alikosomea, anauliza swali ambalo sijapata kulijibu vizuri: hii huruma ni ya namna gani, ikiwa anayeisikia haitwi kwenda kumsaidia yeyote, anaitwa tu kuhuzunika na kufurahia huzuni yake?

Agostino alikuwa mkali, na nadhani alizidisha. Hayati Papa Fransisko alielekea upande mwingine. Tarehe 17 Julai 2024 aliandika barua nzima kuhusu faida ya kusoma fasihi, akaielekeza hasa kwa wanaojiandaa kuwa mapadre lakini akasema yawahusu Wakristo wote. Humo anaeleza kwamba hadithi hutuzoeza kuisikia sauti ya mtu mwingine, kuona dunia kwa macho yake, na kutokimbilia kuhukumu. Aliwahi kuwafundisha vijana fasihi katika shule ya Wajesuiti kule Argentina, kwa hiyo alijua alichokuwa anakisema.

Nani basi ana haki kati ya hao wawili? Mimi naona inategemea mazoezi hayo yanakupeleka wapi. Mtu anayejizoeza kukimbia kila asubuhi, halafu nyumba ya jirani inashika moto naye asiinue mguu, amejizoeza nini? Ukiweza kumsikiliza Evelyn Hugo kwa saa 12, ukamwelewa aliyeolewa kwa ajili ya nauli, ukamhurumia aliyepigwa, ukamwonea hata yule mume mlevi sababu ya ulevi wake, kwa nini mumeo akianza kusema juu ya mkubwa wake kazini unasema “hiyo nimeisikia” kabla hajafika kwenye kituo?

Nasema hili kwa akina mama kwa sababu aliyeuliza ni mama. Lakini wanaume wasijifiche nyuma yake. Yule baba anayelalamikia waume saba masikioni, nilimwuliza Jumamosi jioni hufanya nini. Akajibu bila haya kwamba hutazama Ligi Kuu ya Uingereza, mechi moja hadi nyingine. Basi yeye ana wanaume 22 machoni kwa dakika 90, mara mbili kwa siku, na anajua nani aliumia goti na nani amehamia klabu gani. Nilipomwuliza mkewe aliumwa nini mwezi uliotangulia alipokwenda zahanati, alisema, “Ni mambo ya kina mama.” Watu wakaguna.

Kuna jambo moja katika kitabu hiki ambalo ningependa kila wanandoa walifikirie, nalo si la kubuni. Zamani, kampuni kubwa za filamu za Hollywood zilikuwa zikisimamia maisha ya nyota wao kama mali: jina, nywele, nani aonekane na nani, hata harusi. Rita Hayworth, ambaye maisha yake yanafanana kidogo na ya Evelyn, alizaliwa akiitwa Margarita Carmen Cansino, binti wa mchezaji ngoma kutoka Hispania. Walimpunguzia jina, wakamtia nywele rangi nyekundu, hata wakausogeza nyuma mstari wa nywele kwenye paji la uso. Aliolewa mara tano. Mume wake wa tatu, mwaka 1949, alikuwa Aly Khan, mwana wa Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismaili ambao hapa Kenya tunawajua kwa shule na hospitali zao. Inasemekana Rita alilalamika kwamba wanaume walimpenda Gilda, yule mwanamke aliyemwigiza katika filamu ya mwaka 1946, kisha asubuhi wakaamka na kumkuta yeye.

Hebu yafikirie hayo. Mwanamke mwenye mume kitandani, na mume amemwoa mtu mwingine asiyekuwako.

Tusiseme hayo ni ya Wazungu. Nenda kwenye harusi zetu. Kamati ya harusi hukutana miezi mitano, michango inakusanywa, magari yanakodishwa, mpiga picha analipwa zaidi ya kwaya, na picha zinawekwa mtandaoni kabla keki haijakatwa. Baada ya miaka miwili picha bado ziko, kila sikukuu ya arusi zinawekwa tena na maneno matamu, na watu wanaandika hongera. Ndani ya nyumba wawili wale wanaongea juu ya karo na tokeni za umeme tu. Waswahili walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Evelyn alikuwa na milango saba mizuri iliyopigwa picha na magazeti yote. Aliyefunguliwa nyumba yenyewe hakuwa mume. Mwishoni alikuwa mwandishi wa habari, mtu baki, mama wa watu akiwa na umri wa miaka 79.

Hili ndilo lililonihuzunisha katika kitabu kile, kuliko talaka zote. Kwamba mtu aweza kufika umri huo, akawa amelala kando ya watu saba, na ukweli wake akaupeleka kwa mgeni mwenye kinasa sauti.

Na Monique alifanya nini hata akaambiwa yote? Hakufanya kitu kikubwa. Alikuja kila asubuhi, akaketi, akauliza swali, akanyamaza. Mara nyingine alikasirika. Hakusema “mimi ningekuwa wewe.” Katika Injili ya Yohane sura ya 4 Bwana wetu yuko kisimani na mwanamke Msamaria aliyekuwa na waume watano, na wa sita si wake. Mimi huwa nawauliza wachumba: Yesu alianza na nini? Wengi husema alianza na wale waume. Sivyo. Alianza kwa kuomba maji. Habari za waume zilikuja baadaye, wakiwa wamekwisha kuongea, na alipozitaja hakuzipunguza wala hakuondoka. Wanafunzi waliporudi walishangaa kumwona anaongea na mwanamke, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Yule mama akaacha mtungi wake akaenda mjini kuwaambia watu amekutana na mtu aliyemwambia mambo yake yote.

Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo katika familia, anawaambia wanandoa watengeneze nafasi ya kusikilizana kwa subira, na anaongeza neno la busara kwamba mara nyingi mwenzako hahitaji umtatulie shida yake, anahitaji kusikika. Wanaume tunashindwa hapa. Mke akisema amechoka, sisi tunaanza kuhesabu: mfanyakazi wa nyumbani shilingi ngapi, mashine ya kufulia shilingi ngapi. Yeye hakuomba hesabu.

Sasa nawashauri nini wale wawili, na wewe mwenye nyumba inayofanana na yao?

Mama asikifute kitabu. Lakini aviondoe vile vidude masikioni mume anapoingia mlangoni. Hadithi ina kitufe cha kusimamisha, na itamngojea pale pale alipoiachia. Njiani, shambani, jikoni akiwa peke yake, asikilize apendavyo. Kitandani asisikilize. Hilo nalisema bila kuomba radhi: kitanda cha ndoa kisiwe na mtu mmoja aliyefungwa masikio na mwingine anayeongea na ukuta.

Baba naye asiwe hakimu wa kitabu asichokijua. Asikilize saa ya kwanza pamoja na mkewe, kwa sauti ya wazi, simu ikiwa mezani kati yao na watoto wakiwa wamelala. Huenda asiipende, hiyo si shida, watu hawalazimiki kupenda hadithi moja. Kisha wasimamishe, amwulize mkewe swali moja lisilohusu Evelyn. Asiulize “unataka nini?” maana hilo lina harufu ya ugomvi. Amwombe amsimulie jambo la maisha yake ambalo hajapata kumsimulia. Asipojua pa kuanzia, amwulize juu ya ule mwaka kabla hawajakutana: alikuwa anaishi na nani, alikuwa anaogopa nini, alifikiri angekuwa nani. Mama akimaliza, zamu igeuke. Isizidi nusu saa kwa siku za kwanza, kwa sababu watu waliozoea kimya huchoka haraka. Na simu zizimwe, ya baba pia, hata kama Arsenal wanacheza.